Mwanangu ana pumu, fataki za mkesha zimembana: niseme nini kwenye kikao cha mtaa?

MamaDagaa, Mabatini (4 Januari, asubuhi)

Mwangaluka ndugu zangu, heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Naandika kirefu kidogo, mnivumilie. Jumapili tuna kikao cha mtaa na sitaki kwenda kusimama pale na machozi tu.

Nauza dagaa Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, naishi Mabatini kule juu kwenye mawe. Anayepajua anajua: jiwe, nyumba, jiwe, nyumba, na kijia cha kupita mtu mmoja mwenye ndoo kichwani. Mtoto wangu wa pili ana miaka saba, na pumu anayo tangu akiwa na miwili.

Usiku wa mkesha, ilipofika saa sita, vijana wa bondeni wakawasha matairi mawili barabarani. Huku juu wengine walikuwa wamepanga maboksi ya fataki kwenye lile jiwe pana tunaloanikia nguo mchana. Siwezi kusema uongo, zilipendeza. Nyekundu, kijani, na zile za dhahabu zinazoshuka taratibu kama nywele. Mwanangu alipanda kwenye kiti dirishani, kila ikipasuka anataja rangi na kuhesabu. Alipofika ya kumi na nne akanyamaza. Nikadhani amechoka. Kumbe pumzi ndiyo ilikuwa imemwishia.

Mliolea mtoto wa pumu mnaijua hali hiyo. Ngozi ya kati ya mbavu inazama ndani kila anapovuta hewa, chini ya shingo panaingia kishimo, kifua kinapiga filimbi, na macho yanakuangalia wewe mama. Ule moshi haukuwa na pa kwenda. Ulilala katikati ya mawe, mweupe, unanuka kama njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, na chini yake ule wa tairi, mzito. Nikafunga dirisha, ukapitia upenyo wa bati. Pampu yake ya dawa ilikuwa inaelekea kwisha. Nikambeba mgongoni, baba yake mbele na tochi ya simu, tukashuka mawe mpaka barabarani tukapata bodaboda ya kwenda hospitali. Huko wakamwekea maski ya mvuke wa dawa, tukarudi alfajiri amelala.

Asubuhi mvua ikanyesha. Ndoo niliyokinga chini ya bati ilijaa maji ya rangi ya majani ya chai, juu yanaelea vipande vyeusi vyembamba kama maganda ya kitunguu yaliyoungua. Nikamwaga ndoo ya kwanza, nikamwaga na ya pili.

Sasa, mume wangu anasema ni usiku mmoja tu kwa mwaka, nisijitafutie maadui. Jirani mmoja amesema dunia nzima wanarusha, Wahindi wanarusha, Wachina wanarusha, mbona hatusikii wamekufa. Mimi sina elimu ya kumjibu. Naomba anayejua anieleze: kwenye moshi wa fataki kuna nini hasa, na hao wa nchi nyingine wenye desturi hii tangu enzi za mababu wanafanyaje? Sitaki kuua furaha ya vijana. Hao vijana ndio wananibebea magunia.

Mwl_Kemia, Nyegezi

Pole sana mama, na pole kwa kijana. Nafundisha kemia sekondari, nitajaribu kueleza kama ninavyowaeleza kidato cha tatu.

Ndani ya fataki kuna baruti. Baruti ya asili ina vitu vitatu: shura, yaani chumvi inayosaidia moto kuwaka, kama sehemu 75 kati ya 100, mkaa 15, kiberiti 10. Nikisema kiberiti simaanishi njiti, namaanisha ile salfa ya njano, na ndiyo sababu pua yako ilikuambia njiti iliyozimwa. Salfa ikiungua inatoa gesi ya salfa dioksidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa njia ya hewa inaichoma, na kwa mtu mwenye pumu misuli ya mirija ya pumzi inajibana. Kwa hiyo hukukosea kuunganisha mambo.

Rangi zinatoka kwenye metali. Nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, bluu ni shaba, njano ni sodiamu, nyeupe kali ni magnesiamu au alumini. Mwanao alipokuwa anataja rangi alikuwa anataja metali moja baada ya nyingine. Zikishawaka haziishii angani, zinabaki kuwa vumbi, na sehemu yake ni chembe ndogo mno, za chini ya mikromita 2.5. Unywele mmoja ni mnene kama mara 30 ya hapo. Chembe ya ukubwa huo haizuiliwi puani wala kooni, inakwenda mpaka mwisho wa pafu. Shirika la Afya Duniani linashauri hewa ya siku nzima isizidi mikrogramu 15 za chembe hizo kwa mita moja ya ujazo.

Wanaopima wamepima. Marekani wana sherehe ya uhuru tarehe 4 Julai, kila mji na fataki zake. Utafiti uliotoka 2015, uliotumia vituo 315 vya kupima hewa, ulikuta chembe hizo zinapanda kwa wastani wa asilimia 42 katika saa 24 kuanzia jioni ile. Hapo usitazame wastani peke yake. Kituo kimoja kilichokuwa karibu kabisa na mahali pa kurushia kilipanda asilimia 370. Ujerumani idara yao ya mazingira inakadiria fataki hutoa karibu tani 2,000 za vumbi laini kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka usiku wa kuamkia mwaka mpya.

Kwa hiyo mzee wa nyumba ana ukweli wake: kwa mji mzima ni usiku mmoja na kesho yake mchana hewa imerudi. Lakini nyumba yako ilikuwa hatua chache kutoka kwenye lile jiwe. Wewe ndiye kile kituo cha asilimia 370.

Kuhusu tairi, niseme wazi. Tairi imetengenezwa kwa mpira uliochanganywa na salfa, ikiungua inatoa masizi, salfa dioksidi, benzini na sumu nyingine zinazohusishwa na saratani. Na inaungua saa nzima, wakati boksi la fataki linaisha ndani ya dakika moja au mbili. Kama kikao kitakupa nafasi ya kupigania jambo moja tu, pigania tairi. Polisi wenyewe kila Desemba wanatangaza marufuku, huna haja ya kuogopa kulisema.

DukaMakoroboi

Dada MamaDagaa, pole. Familia yetu ni Wahindu, nimezaliwa hapahapa mjini, na hilo la "Wahindi wanarusha" naomba nilijibu mimi.

Diwali, sikukuu yetu, maana yake ni safu ya taa. Asili yake ni taa ndogo za udongo zenye mafuta na utambi wa pamba, unazipanga mlangoni, dirishani, kwenye ngazi. Baruti imekuja baadaye sana. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa anasema mungu wa kike wa neema anaifuata taa, hakuna mahali ameambiwa afuate mshindo.

Ila ni kweli, India fataki zimekuwa ndiyo sherehe yenyewe, na Delhi wanalipa. Diwali inaangukia Oktoba au Novemba, majira ambayo hewa imeanza kupoa na upepo umelala, na wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana wanachoma mabua ya mpunga mashambani. Moshi wa mashamba unakutana na wa fataki juu ya mji. Nilikuwa kwa shemeji yangu huko mwaka mmoja. Asubuhi baada ya Diwali nilitoka kibarazani sikuona jengo la upande wa pili wa barabara. Mto wa kitanda cha mtoto wao ulikuwa unanuka baruti.

Usimwambie jirani yako kwamba hawana tatizo. Mahakama ya Juu ya India mwaka 2018 iliamua fataki za Diwali ziruhusiwe saa mbili tu, kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku, ikakataza chumvi za bariamu, na ikataka zitengenezwe zile wanazoziita za kijani, ambazo wanasayansi wao wanasema hupunguza vumbi kwa kama asilimia 30. Watu wengi hawakutii. Sheria ya saa mbili ni ngumu kusimamia kwenye mji wa mamilioni. Lakini kwenye mtaa mmoja ambao mwenyekiti anawajua vijana kwa majina, naamini inawezekana.

Kitu kimoja kwa mtoto wako: vile vijiti vya cheche vya kushika mkononi watu wanaviona salama kwa sababu havilii. Moshi wake uko usawa wa pua. Huko Pune walipima fataki za aina mbalimbali wakakuta kile kidonge cha nyoka, kinachojikunja chini kimyakimya, ndicho kilitoa chembe laini nyingi kuliko vyote. Usimnunulie. Sisi nyumbani siku hizi tunawasha taa, watoto wanachora maua ya unga wa rangi sakafuni, basi.

Msema_Wazi

Mama pole, ila tuwe wakweli. Mwanza nzima tunapikia mkaa na kuni, takataka tunachoma uani kila jioni, barabara za vumbi, malori yanatoa moshi mweusi. Siku 365. Halafu tunahangaika na usiku mmoja. Hata huyo mtoto, nina hakika jiko la mkaa liko ndani.

MamaDagaa

Ndugu, sikukatalii. Jiko lilikuwa ndani, sasa ni miaka mitatu liko nje chini ya kijibanda, tangu daktari aliponiuliza swali hilohilo. Mvua ikinyesha napikia mlangoni. Na takataka za kwangu nashusha barabarani siku ya gari, sichomi. Ninachoweza kukizuia nyumbani kwangu nimekizuia. Huu moshi wa mkesha ndio umenikuta nikiwa sina la kuzuia, kwa sababu sikuuwasha mimi. Hilo la kuchoma taka uani nalo nitalisema Jumapili, asante kwa kunikumbusha.

Msema_Wazi

Nimekuelewa mama. Nilisema kwa haraka.

Changsha_mpaka_Igoma

Nilisoma China, Changsha, miaka minne. Liuyang, mji unaotengeneza fataki nyingi kuliko sehemu yoyote duniani, uko chini ya utawala wa huohuo mji wa Changsha. Mwaka mpya wao nilialikwa kijijini kwa mwenzangu wa darasa. Wanasema zamani kabla ya baruti walikuwa wanatupa mianzi kwenye moto, pingili zinapasuka kwa kishindo, pepo mbaya anakimbia. Baruti ilivyogunduliwa kwao, kama karne ya 9, ikaingia mahali pa mwanzi. Asubuhi mlangoni palikuwa na zulia la karatasi nyekundu zilizochanika, na mama mwenye nyumba akanizuia kufagia. Siku ya kwanza ya mwaka hakufagiliwi, utafagia baraka.

Nasema haya ili uone jinsi jambo hili lilivyo ndani ya mioyo yao. Na bado Beijing walilikataza katikati ya mji mwaka 1993, wakalegeza 2005 kwa sababu watu walilalamika sana, wakalikataza tena ndani ya barabara ya tano ya mzunguko 2018. Wenye desturi wenyewe wanavutana nayo mpaka leo. Sisi ambao fataki tumenunua juzi tu dukani tutashindwaje kukaa na kuongea?

Karabai, mvuvi wa dagaa

Mama habari za Mwaloni. Huenda tumeshauziana.

Nimesoma yote, nina moja tu, upepo. Huku ziwani tunaishi kwa upepo. Mchana unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka, nchi kavu inapoa na upepo unashuka milimani kuja majini. Usiku wa mkesha sisi tulikuwa tumeshatoka, taa ziko majini, na kama saa saba harufu ya baruti ilitufikia tukiwa tunaona mji kwa mbali. Ikifika kwetu ujue ilishapita kwenu. Fataki inayorushwa juu ya kilima, moshi wake unateremka nyumba kwa nyumba mpaka ufike ziwani. Wakirushia ufukweni kabisa, unatoka moja kwa moja. Waambie wazirushie ufukweni.

Mwl_Kemia, Nyegezi

Kaka Karabai, kuhusu upepo umenifundisha kitu, na kinaeleza vizuri kwa nini moshi ulijaa kwa mama: hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama kwenye mawe kama maji kwenye karai. Lakini ufukweni nina wasiwasi napo. Fataki za kisasa zina percholeti, chumvi nyingine ya kusaidia kuwaka, badala ya shura au pamoja nayo. Marekani, mji mdogo wa Ada, Oklahoma, walipima ziwa dogo kabla na baada ya fataki za Julai. Utafiti ulitoka 2007. Ndani ya saa 14 percholeti ilikuwa imepanda kati ya mara 24 na mara 1,028 ya kiwango cha kawaida, na ikachukua siku 20 hadi 80 kurudi. Percholeti inaizuia tezi ya shingo isipate madini joto ya kutosha. Victoria ni kubwa mno kulinganisha na ziwa lile, lakini vighuba vya ufukweni ni vidogo na maji yake hayatembei sana, na ndipo tunapochota.

Karabai, mvuvi wa dagaa

Hilo sikulijua, mwalimu. Basi ufukweni tuache. Maji yale ndiyo tunayokunywa tukiwa huko, na ndiyo dagaa anayoishi.

Muuguzi_wa_Zamu

Mama, la haraka. Pampu mbili: moja ya akiba isiyoguswa, kila Desemba. Kama huna kile kibomba cha kuvutia dawa, chukua chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, toboa kitako tundu linaloingia mdomo wa pampu sawasawa. Tikisa pampu, mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa, bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi taratibu kama mara tano au sita, ndipo ubonyeze tena. Dawa inafika kifuani vizuri kuliko kupulizia mdomoni moja kwa moja. Na usisubiri mbavu zianze kuzama. Mkisikia fataki ya kwanza, funga dirisha, tandika kanga yenye maji chini ya mlango, mtoto akae chumba cha mbali na jiwe. Akibanwa na pampu isimsaidie, toka muda huohuo kama ulivyofanya. Ulifanya vizuri.

MamaDagaa, Mabatini (12 Januari)

Ndugu zangu, kikao kimepita. Nimechelewa kurudi hapa kwa sababu ya mzigo.

Nilikwenda na chupa ya plastiki iliyotobolewa na ndoo yenye yale maganda meusi, kwa maana kidogo nilikuwa nimekiacha. Nikaiweka mezani mbele ya mwenyekiti. Sikusema mengi ya kemia, nilisema tu rangi ni metali na metali zinashuka, na huu hapa mzigo wenyewe. Ndoo ikazunguka mkono kwa mkono. Mama mmoja wa bondeni akasimama akasema na yeye mjukuu wake alikohoa mpaka asubuhi, hakujua kama anaruhusiwa kulalamika. Wakasimama wengine wanne. Nilikuwa naona niko peke yangu kumbe tuko wengi tu, kila mtu amejifungia na mgonjwa wake.

Tairi limekatazwa, hakuna aliyebisha. Kuchoma taka uani kumeleta kelele nyingi, maana watu wanasema gari la taka halipandi huku kwetu, na ni kweli, haliwezi. Mwenyekiti atalifuatilia. Fataki vijana hawakukubali ziondoke kabisa. Wamekubali zitoke kwenye mawe ziende uwanjani, wachange wanunue boksi moja badala ya kila mtu lake, zirushwe saa sita kamili na ziishe, na watangaze kanisani na msikitini siku mbili kabla ili wenye wagonjwa wajiandae. Mwenye nyumba karibu na uwanja hakufurahi, na ana haki. Tumekubaliana yeye ndiye achague upande upi maboksi yawekwe, akitazama upepo usiku huohuo. Kaka Karabai, nilikutaja. Fataki za harusi bado hatujazimaliza, kila mtu ana mtoto wa kuoza.

Yule kijana mwenye maboksi alikuja nyumbani jioni yake. Alikuwa hajui kama mtoto alipelekwa usiku ule. Alikaa kwenye kile kiti cha dirishani, hakusema sana, akamwuliza mwanangu alihesabu ngapi. Akaambiwa kumi na nne. Akamwambia zilikuwa thelathini na sita.

Mwalimu, kuna swali nimetumwa. Umetaja nyekundu, kijani, bluu, njano na nyeupe. Mwanangu anasema umesahau zile za dhahabu zinazoshuka polepole, ndizo alizopenda kuliko zote, anataka kujua ni metali gani.

Mwl_Kemia, Nyegezi

Mwambie hajakosea, nilizisahau. Zile za dhahabu zinazoning'inia muda mrefu nyingi hazina metali ya ajabu. Ni chembe za mkaa. Mkaa hauwaki kwa ghafla kama magnesiamu, unaungua taratibu huku unaanguka, ndiyo maana unaufuata kwa macho mpaka chini. Usiku akikaa nawe kijibandani, puliza jiko lako taratibu, ataziona zilezile zikiruka. Asogee nyuma tu, upande ambao upepo unatokea.